Tazama Umio Kabla ya Kukata Tumbo

Haya ni maneno ya daktari wa upasuaji mbele ya wakazi waliokusanyika Ukumbi wa Tononoka, Mombasa. Maswali yaliyomkatiza yameachwa palepale yalipoulizwa.

Assalaam aleikum. Na wenzetu wengine, hamjambo nyote? Mama zangu mlioketi mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie operesheni za kupunguza unene. Ningeweza kuwapitishia zote moja baada ya nyingine, mkatoka hapa na majina mengi kichwani msijue la kufanya nayo. Leo nataka kusema na mtu mmoja tu. Najua yumo humu ndani, tena hayuko peke yake. Ni yule mwenye uzito mkubwa aliyejaribu kila namna ya kujinyima, na sasa ameazimia kupasuliwa. Na mtu huyohuyo, usiku ukifika, hulalia mito mitatu, maana akilala chali chakula cha jioni humrudia kooni.

Akija kliniki huwa ameshaamua. "Daktari, mimi nataka slivu." Ndiyo ile operesheni ya kukata na kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula. Kwa nini slivu? "Wifi yangu alifanya. Amegawa nguo zake zote, hakuna hata moja inayomkaa." Simlaumu, sote jambo huliona kwa jirani kwanza. Lakini wifi yako ana umio wake na wewe una wako, na ukiwa na ngiri ya kiwambo, nitaieleza punde, umio ndio wenye neno la mwisho kuhusu operesheni ipi ikufae. Mizani husema kama wastahili kupasuliwa. Haisemi upasuliwe vipi.

Hiyo mizani tuipite upesi. Tangu 1991 tulifuata kiwango cha Marekani: BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ya 40, au 35 kwa aliye na ugonjwa mwingine juu yake. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, vilikishusha kiwango hicho. Sasa ni 35 hata kama huna ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 mtu aweza kufikiriwa akiwa na kisukari cha aina ya pili au maradhi ya jamii hiyo. Mama wa urefu wa sentimita 160 hufika 35 akiwa na kilo 90 hivi. Kwa watu wa asili ya Asia kiwango ni 27.5, kwa sababu kisukari huwaandama wakiwa na uzito mdogo zaidi, na mji huu una familia nyingi za asili hiyo, kwa hiyo nalitaja. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima wamezidi uzito unaofaa. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5. Angalieni safu za mbele mtaniamini.

(Kicheko.)

Tuje kwenye umio. Ndio mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi kwenye tumbo la chakula. Kati ya kifua na tumbo pana kiwambo, msuli mpana unaoshuka na kupanda tunapovuta pumzi na kuishusha, na umio hupita kwenye tundu la msuli huo. Tundu likilegea, sehemu ya juu ya tumbo la chakula hupenya ikapanda kifuani. Hiyo ndiyo ngiri ninayoisema. Si ile ya kinena wanayoijua wapagazi wa bandarini.

Sasa, mwisho wa umio pana msuli wa kubana, unaofunguka chakula kikishuka na kufunga kikishapita. Mahali pake pa asili ni palepale kwenye kiwambo, ili viwili hivyo vibane pamoja. Tumbo likipanda kifuani, msuli na kiwambo huachana, kila kimoja kinabana peke yake na hakuna kinachobana vyema. Asidi hupata njia ya kupanda. Na mafuta yaliyojaa ndani ya tumbo, nyuma ya misuli, siyo haya tu tunayoyashika kwa vidole, husukuma kwenda juu mchana na usiku. Ndiyo maana ngiri hii na unene huandamana.

Katika kila ngiri 100 za namna hii, kama 95 ni za kuteleza: hupanda na kushuka. Zilizobaki ni zile ambazo tumbo hupanda kando ya umio, na hizo zaweza kujisokota zikageuka dharura. Ngiri kubwa ina tabia nyingine ya kichinichini. Tumbo husuguana na ukingo wa kiwambo, pakatokea michubuko inayovuja damu kidogo kidogo. Mama anaambiwa damu yake ni chache kwa sababu ya hedhi, anameza vidonge vya madini ya chuma mwaka nenda mwaka rudi, na hakuna aliyewahi kumtazama tumboni. Nimewaona kina mama kadhaa wa aina hiyo.

Dalili msizitegemee sana. Kuna mwenye kiungulia cha kila siku ambaye ngiri yake ni ndogo mno, na kuna mwenye ngiri kubwa asiyehisi kitu. Wengine asidi huwajia kwa njia ya kikohozi cha usiku, au sauti kukwaruza kila asubuhi, wakanunua dawa za kifua miezi mitatu. Mgonjwa akiniambia "mimi sina kiungulia", huwa namuuliza swali la pili: na omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi, wainywa tangu lini? "Ah, hiyo naimeza kila siku, ndiyo maana sina."

Sasa operesheni.

Slivu hukata na kuondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, ule upande mpana wote, ikabaki njia nyembamba iliyosimama. Kinachoondolewa ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya grelini, homoni ya njaa, kwa hiyo mtu hushiba upesi na njaa yenyewe hupungua. Utumbo hauguswi. Ni operesheni nzuri, na sikuja hapa kuitukana. Historia yake ni ya kushangaza kidogo: hapo awali ilikuwa nusu ya operesheni nyingine kubwa. Miaka ya 2000 ilipoanza, madaktari waliokuwa na wagonjwa wazito mno kuweza kuhimili operesheni nzima waliikata kazi mara mbili, wakafanya slivu kwanza ili mgonjwa apungue, kisha arudi kumaliziwa. Wengi walipungua vya kutosha hata ile nusu ya pili haikuhitajika. Basi nusu ikawa operesheni kamili, na leo ndiyo inayofanywa zaidi duniani.

Lakini fikiria sasa umeifanya juu ya ngiri. Mlango wa chini wa tumbo, ule unaoelekea utumboni, umebaki vilevile. Njia yenyewe imekuwa nyembamba. Chakula na hewa vikiingia, shinikizo la ndani hupanda, na shinikizo hutafuta palipo dhaifu, napo ni juu, kwenye ule msuli uliokwisha kuachana na kiwambo chake. Tena daktari akikata karibu mno na umio hukata nyuzi za misuli zilizokuwa zikisaidia kufunga. Na ngiri ikiachwa bila kurekebishwa, ile slivu yenyewe yaweza kupanda kifuani. Nimekuta hivyo kwa macho yangu, mgonjwa wa operesheni iliyofanywa kwingine, ripoti yake haikutaja ngiri hata kwa neno moja.

Si kila mtu humfika hayo. Wapo ambao kiungulia huwaisha baada ya slivu, kwani uzito ukishuka na msukumo wa tumbo hupungua. Ni kushindana kwa nguvu mbili, moja ya kuponya na moja ya kuharibu, na hujui kwako ipi itashinda.

Baipasi, ninayosema ni ile ya Roux, aliyekuwa daktari wa upasuaji wa Uswisi, huenda njia nyingine kabisa. Tumbo la chakula hugawanywa, juu kikabaki kifuko kidogo cha mililita 15 hadi 30 hivi, vijiko viwili vya chakula. Utumbo mwembamba hukatwa, ncha yake ya chini ikaletwa juu ikaunganishwa na kifuko hicho. Nyinyi watu wa Mombasa mna bahati, maana baipasi mwaijua: ya Dongo Kundu. Gari la kwenda Diani laacha foleni ya feri ya Likoni, lazunguka, latokea upande wa pili. Feri haikuondolewa. Iko palepale na kazi yaendelea. Ndivyo na tumbo lako la zamani: halitolewi, linaendelea kutoa asidi yake, ila asidi hiyo sasa hushuka utumboni na kukutana na chakula mbele kabisa, zaidi ya mita moja chini. Kile kifuko cha juu asidi yake ni kidogo sana, na nyongo imewekwa mbali. Hata ule msuli wa kubana ukiwa umelegea, cha kupanda hakipo.

Ndiyo maana kwa mtu mnene mwenye kiungulia kikali, baipasi tunaihesabu kuwa operesheni ya kiungulia kwanza, na ya uzito pia.

Haya si maoni yangu peke yangu. Uswisi waliwagawa wagonjwa 217 kwa kura, wengine slivu, wengine baipasi, wakawafuatilia miaka mitano. Matokeo yalitoka 2018. Kati ya waliokuwa na kiungulia tangu mwanzo, kilimalizika kwa asilimia 60.4 ya wa baipasi na asilimia 25 ya wa slivu. Kilizidi kwa asilimia 31.8 ya wa slivu, na kwa wa baipasi ni 6.3 tu. Ufini nao walikuwa na wagonjwa 240, wakawatazama tena baada ya miaka kumi, wakaripoti 2022: michubuko ya umio ilionekana kwa asilimia 31 ya wa slivu na asilimia 7 ya wa baipasi. Na muangalie, wale wa Ufini walikuwa wamewaacha nje tangu mwanzo wagonjwa wenye kiungulia kikali chenye ngiri kubwa. Yaani hao 31 katika 100 walitoka kwa watu waliodhaniwa kuwa na umio salama.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa, kuna takwimu isiyounga mkono hadithi yangu. Hofu kubwa ya asidi ya miaka mingi ni Barrett, yaani ngozi ya ndani ya umio kubadilika ikaweza, kwa wachache, kuelekea saratani. Katika utafiti huohuo wa Ufini Barrett ilikuwa sawa pande zote mbili, asilimia 4. Kwa hiyo asije mtu akawatisha kwamba slivu ni saratani. Swali ni michubuko, dawa za kila siku na usingizi, na hayo nayo ni maisha ya mtu.

Mzee mmoja: Daktari, mbona msiishone hiyo ngiri tu, mkaacha tumbo la watu?

Swali zuri, mzee wangu. Ipo operesheni hiyo, yaitwa kwa jina la daktari Nissen, yatokana na miaka ya 1950. Tumbo hurudishwa chini, tundu hukazwa, kisha sehemu ya juu ya tumbo huzungushiwa umio ili ibane. Kwa mtu wa uzito wa kawaida ni kazi nzuri. Kwa mwenye BMI ya 35 kwenda juu, ule msukumo wa ndani unabaki, na nyuzi huelemewa. Ngiri hurudi mara nyingi zaidi. Tena kisukari chake na magoti yake hayajaguswa. Ila umenikumbusha jambo. Aliyewahi kufanyiwa Nissen zamani lazima amwambie daktari kabla ya operesheni yoyote ya unene, kwa sababu lile zungusho itabidi lifunguliwe kwanza. Na upande wa pili: aliyefanya slivu hawezi tena kufanyiwa Nissen ya kawaida. Ile sehemu ya tumbo tunayozungushia ndiyo iliyotupwa. Huo ni mlango unaofungwa siku hiyo ya slivu, na watu wachache huambiwa.

Basi ukiniuliza mimi nachagua vipi, nitakujibu hivi. Ngiri ndogo, sentimita moja au mbili, umio msafi kwenye kamera ya kupitishwa kooni, kiungulia cha mara mojamoja kwa mwezi: slivu bado twaweza kuizungumza, kwa sharti kwamba siku hiyohiyo daktari atafungua pale juu, alirudishe tumbo chini na kulikaza tundu kwa nyuzi. Sharti hilo liandikwe, lisiwe ahadi ya mdomo. Na mgonjwa ajue kuwa nyuzi hulegea, na kwamba huenda siku moja akahitaji baipasi hata hivyo.

Ngiri kubwa, au michubuko ya umio ya daraja C au D, yaani ile mikali, au Barrett iliyothibitishwa maabara: baipasi, na ngiri irekebishwe wakati huohuo. Hapo sibembelezi. Akisema ni lazima slivu, namshauri atafute daktari mwingine, na natumaini huyo mwingine atamwambia vilevile.

Shida iko katikati. Mwenye ngiri ya sentimita tatu, kiungulia mara mbili kwa wiki, kamera yaonyesha wekundu kidogo. Huyu ndiye ninayekaa naye muda mrefu. Kwake twahitaji kipimo cha asidi cha saa 24, kijiwaya chembamba kikipitishwa puani hadi kwenye umio, kinachoandika kila mara asidi inapopanda. Asidi ikikaa kwenye umio zaidi ya asilimia 6 ya muda huo, ubishi umekwisha, ana ugonjwa wa kweli. Na wakati mwingine kipimo cha nguvu za umio zenyewe, kuona kama waweza kusukuma chakula. Akiwa bado yuko nusu kwa nusu, naangalia mambo mengine: ana kisukari cha miaka mingi? Anavuta sigara? Anategemea diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti? Huyo wa mwisho ananipa tabu, nitawaambia kwa nini.

Lakini kabla ya yote, kamera. Mtu asikubali kukatwa tumbo ambalo halijatazamwa kwa ndani. Kamera ya tumbo huchukua dakika chache, unapuliziwa ganzi kooni au unapewa dawa ya kusinzia. Ukiweza kuacha omeprazoli wiki mbili kabla, kwa ushauri wa daktari, itaonyesha ukweli zaidi. Ukiinywa mpaka jana yake, yaweza kuficha michubuko, na hata kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, wale Helikobakta, chaweza kutoka safi na wamo. Hao ni wengi sana huku kwetu Afrika, na twataka kuwatibu kabla ya operesheni. Pia kuna picha ya eksirei ya kumeza dawa nyeupe, ambayo kwa ngiri kubwa hutuonyesha umbo lake vizuri kuliko kamera. Na hata vyote vikisema hakuna ngiri, daktari akiwa ndani siku ya operesheni atazame mwenyewe pale kwenye tundu. Ndogo hujificha.

Tena chakula kikikwama kifuani, si kuchoma, kukwama, usisubiri habari za unene. Hiyo ni kamera ya wiki hii. Kenya ina saratani ya umio nyingi kuliko nchi nyingi, na ile iliyozoeleka kwetu haitokani na kiungulia wala unene.

Operesheni nyingine nazitaja kwa pumzi moja. Mkanda wa kulibana tumbo la chakula, unaofungwa kwa ndani, karibu kila mahali umeachwa, na kwa mwenye ngiri ulikuwa balaa. Puto la kumezwa au kuwekwa kwa kamera halifai penye ngiri kubwa. Ile baipasi ndogo ya muungano mmoja, aliyoianzisha Rutledge kule Marekani mwaka 1997 na inayofanywa sana India, hupunguza uzito vizuri na ni ya haraka, lakini nyongo hupita palepale chini ya kile kifuko, na kwa mwenye ngiri na umio dhaifu nyongo yaweza kupanda. Nyongo haitibiwi na omeprazoli. Kwa mtu wetu wa leo, siipendekezi kuwa chaguo la kwanza.

Mama mmoja, safu ya mbele: Mwanangu, hiyo baipasi, baadaye mahamri nitakula?

Mama, utakula. Utakula nusu hamri, nusu saa nzima, na mbaazi vijiko vitatu, kisha utaniambia umeshiba. (Kicheko.) Lakini swali lako ndilo lililonifanya nije, kwa sababu baipasi ina gharama zake na sitaki mtu aje kunilaumu.

Ya kwanza ni sukari. Tumbo la kawaida huachia chakula kidogo kidogo. Kifuko cha baipasi hakina mlango wa chini wa kuzuia, kwa hiyo kaimati zilizochovywa shira, au glasi ya juisi ya ukwaju yenye sukari nyingi, huingia utumboni zote kwa mkupuo. Baada ya robo saa au nusu saa moyo waenda mbio, jasho lakutoka, wataka kulala chini. Hakuui, ila hutaisahau. Wagonjwa wengine huniambia hilo ndilo lililowaachisha halua, kwa hiyo wanalishukuru.

Kuhusu Ramadhani: kifuko hakimezi maji kwa pupa. Yule aliyezoea kufuturu kwa glasi mbili za maji na uji hataweza, na ukiyapungukia maji mwilini figo huumia. Katika mwaka wa kwanza usifunge kabla ya kuzungumza na daktari wako, na umsikilize pia shehe wako, maana dini yenyewe imempa mgonjwa nafasi. Tende moja, maji kidogo kidogo kwa muda mrefu, kisha protini: samaki, yai, kunde. Wali wa nazi mwisho, ukipata nafasi, na hutapata.

Ya pili ni vitamini, maisha yote. B12, madini ya chuma, kalisi, vitamini D. Si mwezi, si mwaka. Kwa slivu pia zahitajika, lakini kwa baipasi ukiacha utalipa: damu yapungua, vidole vya miguu vyafa ganzi, mifupa yalegea. Nikiwa na mgonjwa ambaye najua hawezi kununua vidonge kila mwezi na kupima damu kila mwaka, hilo huingia kwenye uamuzi wangu wazi wazi. Namwambia. Operesheni sahihi kwa umio yaweza kuwa operesheni mbaya kwa mfuko, na mambo haya mawili lazima yakae meza moja.

Ya tatu ni ile ya diklofenaki. Pale kifuko kinapoungana na utumbo hutokea vidonda, na vinavyovileta zaidi ni sigara, shisha, na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Huku kwetu dawa hizo zauzwa dukani pamoja na sabuni. Mwenye baipasi ajue jina moja la dawa ya maumivu, parasetamoli, na akiugua kitu kikubwa zaidi aje tuzungumze. Sigara na shisha viachwe kabla, na visirudiwe. Mwenye kunitazama kwa jicho lile akijiambia atavuta kidogo tu, bora asifanye.

Kina dada: msishike mimba kabla ya miezi 12 hadi 18 kupita, na vidonge vya kupanga uzazi msivitegemee baada ya baipasi, huenda visinyonywe sawasawa, chagueni njia nyingine. Na yeyote mwenye baipasi akipata maumivu ya tumbo ya kusokota, hata baada ya miaka mitano, akifika hospitali ya Makadara au kwingine saa nane usiku aseme neno la kwanza kabisa: "Nimefanyiwa baipasi." Utumbo waweza kupenya kwenye mwanya uliobaki ndani ukajinyonga, na daktari asiyejua historia yako atafikiria gesi.

Nisiache hili la kusafiri. Siku hizi watu hupatana bei kwa simu na hospitali za ng'ambo: tikiti, hoteli, slivu, siku saba, wamerudi. Sipingi kusafiri, wengine hawana njia nyingine na kuna madaktari hodari huko. Ninachopinga ni operesheni kuchaguliwa kabla umio haujatazamwa. Operesheni ishaandikwa kwenye ankara, nani atakayekuambia ukishafika kwamba kamera imekuta ngiri ya sentimita tano na mpango wote ubadilike? Fanya kamera hapahapa kwanza. Beba ripoti na picha zake. Waulize kwa maandishi: mkikuta ngiri mtafanya nini, na bei itabadilika kiasi gani? Na nani atakayenipokea nikirudi Mombasa nikapata homa siku ya kumi? Wakikwepa swali la kwanza, usilipe.

Msichana mmoja, nyuma: Daktari, mimi slivu nilishafanya, miaka minne sasa. Kiungulia hakinipi usingizi. Nimechelewa?

Hujachelewa, mwanangu, na kiungulia ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha watu wa slivu kwenye meza ya operesheni. Kwanza kamera, tuone kama njia imebana mahali, kama kuna ngiri, na umio uko daraja gani. Mara nyingine ni dawa na kubadili saa ya chakula cha usiku tu, ule saa moja ulale saa nne. Ikibidi, slivu hugeuzwa baipasi: ule mrija hukatwa juu ukawa kifuko, utumbo ukaunganishwa hapo, na ngiri ikashonwa. Ni kazi ngumu kuliko ya mara ya kwanza, kwa hiyo itafutie mkono uliozoea, na uombe ripoti ya operesheni ya kwanza kutoka hospitali uliyofanyiwa, ni haki yako kuipata. Omeprazoli usiiache leo usiku kwa sababu ya maneno yangu ya hapa. Utaambiwa siku ya kuiacha ukishapangiwa kamera.

Yupo mwingine mwenye mkono juu pale karibu na mlango. Mpelekeeni maikrofoni.